Mcheza Kwao Hutunzwa. Mpigania Kwao Je?

Ipo sentensi moja ya kiafisi ambayo kila niisomapo huniuma kuliko tusi. Sentensi yenyewe ni hii: "Baada ya kupitia kumbukumbu zetu, jina lako halikuonekana." Imeandikwa kwa adabu, ina nambari ya jalada, ina muhuri na saini. Anayeipokea ni mzee wa miaka sabini na ushei, aliyekwenda vitani akiwa kijana, akarudi, akanyamaza zaidi ya miongo minne, na sasa anaomba jambo dogo tu: hati yake ya utumishi irekebishwe, na nishani aliyoistahiki iandikwe mahali pake.

Dai langu katika makala haya ni moja, na naliweka hapa mwanzoni ili msomaji asihangaike kulitafuta. Kumbukumbu za mwanajeshi huandikwa na dola, huhifadhiwa na dola, na zikipotea hupotea mikononi mwa dola. Basi zikionekana na kasoro, wajibu wa kuzitafuta, kuzithibitisha na kuzisahihisha ni wa dola. Kumtwisha mzee aliyetumwa mzigo wa kuthibitisha kwamba alitumwa ni dhulma, hata kama dhulma hiyo itafungwa ndani ya bahasha safi.

Nianze na msitu. Mimi ni mtu wa kusini mwa Unguja, na Jozani kwangu si kivutio cha watalii, ni jirani. Mwaka 2004 msitu huo pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Humo anaishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake katika dunia nzima. Watafiti waliwafuata kima hao kundi kwa kundi, kisiwa kizima, misituni na mashambani, wakapata idadi ya zaidi ya 5,800, karibu mara tatu ya ilivyokuwa ikidhaniwa. Katika barabara inayopita kando ya msitu yamewekwa matuta, kwa sababu kima walikuwa wakigongwa na magari, na matuta hayo yamewaokoa wengi.

Siwaonei kima wivu. Nafurahi kwamba tumewahesabu, na nafurahi kwamba dereva wa daladala hupunguza mwendo kwa ajili yao. Ninachosema ni kwamba nchi iliyoweza kumhesabu mnyama anayeruka kutoka mti hadi mti haiwezi kuniambia kwamba imeshindwa kuwahesabu watu iliowapa sare, bunduki, nambari ya utumishi na mshahara. Penye nia ya kuhesabu, hesabu hupatikana.

Katika kijiji kimoja kinachopakana na hifadhi hiyo yupo mzee ambaye nimemsaidia kuandika barua zake. Sitamtaja jina, wala sitaitaja afisi iliyomjibu, kwa kuwa sikusudii kumshitaki karani mmoja. Mzee huyu alijiunga na jeshi kabla ya vita vya Kagera, akavuka mto pamoja na wenzake, akafika Uganda, akarudi. Hati yake ya kuachishwa utumishi inaonesha miaka aliyotumikia, kazi aliyofunzwa na tabia yake, ambayo imeandikwa kuwa ni nzuri. Sehemu ya nishani ni tupu. Siku wenzake walipotunukiwa, yeye alikuwa amepelekwa kwenye kazi nyengine mbali na kikosi. Jina lake halikusomwa gwarideni, na kwa kuwa halikusomwa halikuandikwa.

Mwenzake wa sekisheni moja, anayeishi Makunduchi, nishani anayo na hati yake imeitaja. Wawili hawa walilala handaki moja. Tulipeleka ushahidi wa huyo mwenzake, umeandikwa na kutiwa saini mbele ya sheha. Jibu lilikuwa kwamba ushahidi huo haukidhi, na kwamba mwombaji alete barua halisi ya kutunukiwa, nambari ya amri iliyotangaza nishani hiyo, na uthibitisho wa kamanda wake wa wakati ule. Kamanda wake ni marehemu. Nambari ya amri imo katika majalada ya jeshi, si ndani ya sanduku la mkulima wa mihogo. Na barua ya kutunukiwa ndiyo hasa anayoiomba. Ameambiwa, kwa maneno mengine, kwamba atapewa hati siku atakapoonesha kwamba anayo tayari.

Nilimuuliza kwa nini asiache, maana kila barua ina gharama ya nauli ya daladala hadi mjini, ya fotokopi, na mara nyengine ya boti hadi Dar es Salaam. Alinijibu: "Mwanangu, sitafuti fedha. Wajukuu zangu wamesoma skuli, wakaiona karatasi yangu haina kitu. Sasa wananisikiliza kwa heshima tu, kama mtu anavyosikilizwa akisimulia ndoto. Sitaki nife nikiwa mwongo."

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Wapo watakaosema kwamba nishani ni kipande cha madini na utepe, na kwamba nchi ina matatizo makubwa zaidi ya hayo. Maji hayatoki, hospitali zina foleni, vijana hawana ajira. Ni kweli. Lakini madini na utepe sivyo anavyoviomba mzee. Hati ya utumishi ni maelezo rasmi ya dola kuhusu maisha ya mtu. Ikinyamaza juu ya vita alivyopigana, ukimya huo unakuwa kauli. Unamwambia mjukuu kwamba baina ya maneno ya babu yake na karatasi ya serikali, mmoja anasema uongo. Na katika zama zetu karatasi ndiyo inayoaminiwa.

Tabia hii ya kumtumia mtu na kutomwandika hatukuianza sisi. Tuliirithi, na ni vyema tukumbushane tuliirithi kwa nani. Tarehe 20 Septemba 1914, manuari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manuari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe, ikaizamisha. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa walizikwa, na makaburi yao yapo hadi leo katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mwendo mfupi wa mashua kutoka Forodhani. Yanatunzwa, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Katika vita hivyo hivyo, Waingereza waliwachukua Waafrika wa Mashariki, watu wa Unguja na Pemba wakiwamo, kubeba mizigo ya jeshi kuanzia pwani hadi mpaka wa Msumbiji. Idadi ya waliochukuliwa katika eneo zima ilikaribia milioni moja. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi, bali kwa njaa, kuhara damu na uchovu. Kikosi chao cha wabeba mizigo kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kutokana na jina hilo tukapata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Soko limebaki na jina. Waliolipa jina hilo kwa roho zao hawana hata mstari mmoja.

Mwaka 1927 ilizinduliwa sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, ile tunayoizunguka kila tukitoka bandarini kuelekea Posta Mpya. Sanamu kama hizo zikawekwa pia Mombasa na Nairobi. Chini yake yaliandikwa maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yenye kuahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Msomaji akipita hapo azunguke pande zote za sanamu ile, atafute jina hata moja. Hatalipata. Ahadi ya kukumbuka majina imechongwa juu ya jiwe lisilo na majina.

Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya mwenendo wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia, na pengine kufikia 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Wakubwa wa wakati ule waliona kwamba sanamu moja inawatosha Waafrika wote. Gavana wao mmoja, huko Afrika Magharibi, alifikia kusema kwamba mwenyeji wa kawaida hawezi kuielewa thamani ya jiwe la kaburi. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza alisimama bungeni mwezi Aprili mwaka huo akaomba radhi.

Vita vya pili vilipokuja, mizani haikubadilika sana. Watu wetu waliingia KEYA, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Watu takriban 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliosalimika katika vita hivyo walirudi nyumbani na kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi ya ngozi. Nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionesha kwamba mwanajeshi Mwafrika alilipwa hadi theluthi moja tu ya alicholipwa mzungu wa cheo kile kile. Nishani za vita hivyo Waingereza walizitoa bila ya kuchongwa jina la mwenyewe, na aghalabu kwa kuombwa. Mkulima wa Kizimkazi au Ukongoroni angejuaje kwamba ipo fomu, na kwamba fomu hiyo huombwa wapi?

Haya yote tunayajua. Tunayafundisha vyuoni, tunayaandika, na tunamlaani mkoloni kwa haki kabisa. Lakini laana hiyo ina masharti. Anayemlaani mwenziwe kwa kutowaandika wafu wake, hana budi kufungua daftari lake mwenyewe.

Tulifungue. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuuteka ukanda wa Kagera. Mapema Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na maneno yake matatu, sababu, nia na uwezo, kila Mtanzania wa umri wangu anayajua kwa moyo. Jeshi likakuzwa kwa haraka isiyo na mfano: wanajeshi wa kawaida, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, magereza na maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Zaidi ya 600 kati ya wale waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wetu huweka mkuki, ngao na mashada.

Haraka ile ilishinda vita, na haraka ile ile ilijeruhi kumbukumbu. Mtu akaandikishwa wilayani, akafunzwa kambi nyengine, akaingizwa kikosi cha tatu, akapigana na cha nne. Jina likaandikwa Khamis hapa, Hamisi pale. Mzanzibari mwenye majina matatu yanayofanana na ya wenziwe kumi, Ali Juma Ali au Haji Makame Haji, akachanganywa na mwengine. Vita vilipokwisha, mgambo wengi walirudi makwao na jembe. Sioni la kumlaumu aliyeandika daftari chini ya mvua, mizinga ikilia. Namlaumu aliyepo leo, kivulini, mwenye kiyoyozi na kompyuta, anayeliona daftari lile la mvua kuwa ni msahafu usioweza kukosea.

Sasa nijibu hoja za upande wa pili, kwa kuwa zipo, na si zote ni za kipuuzi.

Ya kwanza ni ya waongo. Tukifungua mlango, wanasema, kila mzee atadai kwamba alipigana. Hofu hiyo haina uzito mkubwa kama inavyodhaniwa, kwani uaskari una alama ambazo haziigwi. Kinasimuliwa kisa mashuhuri cha mwaka 1964, pale serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa malimbikizo askari wa Kiafrika waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck katika vita vya kwanza. Wazee mia kadhaa walijitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Yasemekana kwamba afisa wa benki aliyetumwa kuwalipa alimpa kila mzee ufagio badala ya bunduki na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. Nusu karne ilikuwa imepita, na mwili bado ulikuwa unakumbuka kile karatasi ilichokisahau. Sisi tunao hata zaidi ya ufagio: tunao wenzao walio hai, waliolala nao handaki moja, wanaowajua kwa majina ya utani na kwa makovu.

Ya pili ni ya nyaraka kupotea. Tungependa kusaidia, wanasema, lakini majalada hayapo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani huko St. Louis. Majalada baina ya milioni 16 na 18 yaliteketea, mengi yakiwa ya waliopigana katika vita viwili vya dunia na Korea. Serikali ile, ambayo mimi si mpenzi wa vita vyake, haikuwaambia wakongwe wake kwamba jalada likiungua na utumishi wako umeungua. Iliweka watumishi wa kulijenga upya kila jalada linaloombwa, kwa kutumia hati za malipo, ripoti za vikosi, rejista za hospitali na nyaraka za idara nyengine. Tena nchini humo, tangu mwaka 1946, kuna sheria iliyounda bodi maalumu ambazo kazi yake ni kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi, nishani zilizosahauliwa zikiwamo. Je, hapa kwetu daftari la mishahara nalo limepotea? La hospitali ya jeshi? La waliopewa hati za kusafiria kurudi makwao? Mtu akiniambia jalada halipo, namuuliza ametafuta katika majalada mangapi mengine.

Ya tatu ni ya muda. Mambo haya ni ya zamani mno, wanasema. Zamani kwa nani? Uingereza ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2012 kwamba itawatunuku nishani mpya mabaharia waliosindikiza misafara ya Aktiki katika vita vya pili, na mwaka 2013 wakaanza kuzipokea, wazee wa miaka themanini na tisini, karibu miaka sabini baada ya tukio. Marekani ilipochunguza kwa nini hakuna hata mwanajeshi mweusi mmoja aliyepewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa vita vya pili vya dunia, ilikiri kosa, na mwezi Januari 1997 Rais Clinton akawatunuku saba. Sita walikuwa wameshakufa. Aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker. Kwa hiyo muda si kizuizi kwa anayetaka kutenda haki. Lakini ni onyo kwa anayechelewa: ukisubiri, utamkabidhi mjane nishani ambayo ungeweza kuibandika kifuani mwa mumewe.

Ya nne ni ya mipaka ya mamlaka, na hii inatuhusu sisi wa visiwani hasa. Ulinzi ni jambo la Muungano. Mzee wa Jozani akienda kwa mwakilishi wake, huambiwa kwamba Baraza la Wawakilishi halina mamlaka juu ya jeshi. Akienda kwa mbunge, huambiwa swali lipelekwe Dodoma. Akifika bara, huulizwa kwa nini hakuanzia Zanzibar. Siliandiki hili kwa kuuchokonoa Muungano. Naliandika kwa sababu kijana yule hakuulizwa mwaka 1978 kama ni wa visiwani au wa bara alipopandishwa lori kwenda mpakani. Aliyeunganishwa wakati wa kutumwa asitenganishwe wakati wa kutunzwa.

Sheria nayo haimnyimi haki. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na miongoni mwa misingi yake ni kwamba taarifa za mtu anazozishika mwengine ziwe sahihi, na kwamba mwenyewe anaweza kudai zirekebishwe. Najua kwamba masuala ya usalama wa taifa yana kinga yake katika sheria za namna hiyo. Lakini ni siri gani ya taifa iliyomo katika kukiri kwamba fulani wa fulani, mkulima wa Unguja, alikuwa Kagera? Adui yule ameshakufa uhamishoni, Uganda ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bunduki za wakati ule ziko makumbusho.

Tena tumeshaonesha kwamba tunaweza. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pencheni kila mkaazi aliyefika umri wa miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa kamwe. Wengi wa wazee wale walizaliwa kabla ya zama za vyeti vya kuzaliwa. Hatukuwaambia kwamba bila ya cheti hawakuzaliwa. Tulishuka hadi shehia, tukauliza, tukawatambua. Utaratibu ule ule, wa masheha, majirani na wazee wenziwao, unaweza kumtambua mpiganaji kama ulivyomtambua mzee.

Na hata jeshini tunaweza. Tarehe 7 Desemba 2017 walinzi wetu wa amani waliposhambuliwa Semuliki, mashariki ya Kongo, majina ya waliokufa yalijulikana, miili ilirudishwa, taifa liliwaaga kwa heshima kamili. Ndivyo inavyotakiwa. Heshima waliyopewa wale vijana ndiyo kipimo ninachoomba kitumike kwa babu zao.

Basi nasema ninachokitaka, kwa hesabu, ili asiyekubali ajue anachokikataa.

Kwanza, orodha za waliotunukiwa kwa vita vya Kagera zichapishwe na zipelekwe hadi kila shehia na kila kijiji, zibandikwe pale zinapobandikwa orodha za wapiga kura, ili ambaye jina lake limekosekana au limeharibiwa ajitokeze naye yu hai.

Pili, mzigo wa ushahidi ugeuzwe. Mwombaji akileta hati yake ya utumishi na ushahidi wa wenziwe wawili, iwe ni wajibu wa jeshi kuonesha kwa nyaraka kwamba hakuwapo. Na likishindwa, kumbukumbu isahihishwe.

Tatu, kila ombi lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 90, pamoja na sababu na maelezo ya majalada yaliyopekuliwa. "Halikuonekana" lisikubaliwe kuwa jibu mpaka itajwe lilitafutwa wapi.

Nne, iundwe bodi ndogo ya kusahihisha kumbukumbu, yenye wanajeshi wastaafu na wanasheria wa pande zote mbili za Muungano, inayokaa Unguja na Pemba kama inavyokaa bara, ili mzee asilazimike kuivuka bahari kudai alichokilipia kwa kuuvuka mto.

Tano, mjane na watoto wa marehemu wawe na haki ya kuomba kama ambavyo marehemu angeomba. Jina halizikwi pamoja na mwenyewe.

Hakuna katika haya linalohitaji mkopo wa nje wala mshauri kutoka ng'ambo. Yanahitaji makarani kadhaa, skana, nauli na uungwana. Gharama yake haifikii ya sherehe moja ya kitaifa yenye mahema, vipaza sauti na maji ya chupa.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Walimaanisha kwamba mtu akijitoa mbele ya watu wake, watu wake hawamwachi aondoke mikono mitupu. Hiyo ni kanuni ya ngoma. Itakuwa aibu ikiwa ngoma ina adabu kuliko dola. Wakongwe wa Kagera wanapungua kila mwezi. Tunawasalia maiti Makunduchi, Kitogani, Donge na Wete, na kila jeneza linaloondoka linaondoka na shahidi wa mwenziwe aliyebaki. Aliyeshika funguo za masjala aelewe kwamba kuchelewa kwake si kutoamua. Kila siku anayoiacha ipite ameshaamua, na ameamua dhidi ya mtu ambaye, alipoitwa na nchi hii, hakuomba muda wa kufikiri.